Miwani ya uhalisia pepe, pumzi na mgongo unaouma: ni nini hasa kinachobadilika ubongoni?

SWALI: "Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, ninaishi Tanga. Mgongo umenisumbua kwa miaka mingi. Nimepigwa picha, nikaambiwa hakuna pingili iliyovunjika wala neva iliyobanwa, nikapewa dawa za maumivu na kuhimizwa kufanya mazoezi. Usiku silali vizuri, na wakati mwingine moyo hunienda mbio bila sababu. Mwanangu anayefanya kazi Muscat ameniletea ile miwani inayofunika macho yote, yenye mazoezi ya kupumua na kutafakari ndani yake. Anasema Marekani wameiidhinisha kuwa tiba ya mgongo, na kwamba inabadilisha ubongo wenyewe. Nikiivaa, maumivu hupungua kweli, nikiivua, hurudi. Jirani yangu ananionya kuwa kutafakari huko ni ibada ya watu wengine, nami nina hofu nisije nikaharibu akili. Mjukuu wangu wa miaka 7 naye anaililia kila siku. Nifanyeje?"

JIBU: Mama, shikamoo. Ndani ya barua yako kuna sentensi moja iliyobeba jambo zima: ukiivaa miwani maumivu hupungua, ukiivua hurudi. Hujidanganyi hata kidogo. Kupungua kwake ni kweli, kurudi kwake ni kweli, na sababu za yote mawili zinaeleweka vya kutosha kiasi cha kukuwezesha kuamua mwenyewe jinsi ya kukitumia kifaa hicho. Nitaanza na hayo, kisha nitafika kwenye ubongo, jirani yako na mjukuu.

Uwezo wa uhalisia pepe, yaani ulimwengu uliochorwa na kompyuta unaomzunguka mtazamaji pande zote, katika kutuliza maumivu umechunguzwa kwa muda mrefu miongoni mwa watu walioungua moto. Mgonjwa wa namna hiyo huteseka upya kila bandeji zinapobanduliwa, vidonda vinaposafishwa na viungo vinaponyooshwa ili makovu yasivikakamaze, na mara nyingi hata mofini haitoshi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwavisha miwani hiyo wagonjwa wa majeraha ya moto katika hospitali ya Harborview, mjini Seattle. Programu yao iliyokuja kujulikana zaidi humpitisha mgonjwa polepole katika bonde la barafu, akiwarushia mipira ya theluji sanamu za theluji na ndege aina ya pengwini, huku muuguzi akiendelea na kazi yake kwenye kidonda. Taarifa yao ya mwaka 2000 ilihusu vijana 2 tu, lakini ilikuwa na ulinganisho wa maana: maumivu yalipungua zaidi ndani ya uhalisia pepe kuliko vijana haohao walipocheza mchezo wa kawaida wa video kwenye skrini.

Mwaka 2004 kundi hilo likachapisha picha za ubongo wa watu wenye afya waliokubali kuguswa kwa joto linaloumiza wakiwa ndani ya mashine ya MRI, wakivaa miwani maalumu isiyovutwa na sumaku. Walipokuwa ndani ya ulimwengu wa barafu, shughuli inayohusiana na maumivu ilipungua katika maeneo 5 ya ubongo, yakiwemo thalamasi, ambayo hupokea na kusambaza taarifa nyingi za hisia, na insula, inayohusika na jinsi mtu anavyouhisi mwili wake kutoka ndani. Kwa hiyo wagonjwa wale hawakuwa wakijikaza tu mbele ya daktari. Maelezo ya Hoffman na wenzake, ambayo naona bado ndiyo yenye nguvu zaidi, ni kwamba maumivu huhitaji uangalifu wa mtu ili yaumize kikamilifu, na uangalifu una kikomo. Ishara kutoka kwenye ngozi au mgongo huendelea kupanda, lakini zinakuta ubongo umeshikwa na picha, sauti na kazi ya mikono.

Hapo ndipo jibu la kwa nini maumivu yako hurudi. Uangalifu ulioazimwa hurudi kwa mwenyewe mara tu miwani inapovuliwa. Kwa mgonjwa wa moto hilo si tatizo, kwa sababu anachohitaji ni kuvuka dakika chache za mateso makali. Wewe una tatizo la namna nyingine.

Maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na mara nyingi hayalingani tena na hali ya pingili au misuli. Mfumo wa neva uliopokea ishara za hatari kwa muda mrefu huongeza wepesi wake wa kuzipokea: neva za uti wa mgongo hurusha ishara kwa kichocheo kidogo, na ubongo huitafsiri hata hali ya kawaida, kama vile kuinama kuchukua ndoo, kuwa ni tishio. Mfumo huo unafanana na mbwa wa ulinzi aliyewahi kuvamiwa na wezi, ambaye sasa humbwekea hata mwenye nyumba anapotoka kuoga. Kubweka ni kwa kweli na maumivu ni ya kweli. Asikwambie mtu kwamba unayabuni. Usingizi mbaya huyazidisha, hofu huyazidisha, na kuogopa kujongea huifanya misuli izidi kudhoofika na kukakamaa. Kwa hiyo unahitaji kitu kitakachoufundisha mfumo huo kushuka, taratibu, hata wakati huna miwani usoni.

Sasa nije kwenye idhini aliyokutajia mwanao. Ipo. Mnamo Novemba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mfumo ulioitwa EaseVRx, ambao baadaye uliitwa RelieVRx, utumike kwa maagizo ya daktari kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Ni programu ya wiki 8 yenye vipindi 56, kimoja kila siku, vya kati ya dakika 2 na 16. Miwani yake hufungwa kipande kidogo kinachoelekeza pumzi ya mgonjwa kwenye maikrofoni, ili programu iitikie jinsi anavyopumua. Ndani yake mna mafunzo ya kupumua kwa kina, kuelekeza uangalifu, kulegeza mwili, na kuzitambua fikra zinazochochea maumivu kisha kuzijibu, kwa kufuata misingi ya tiba ya fikra na tabia. Katika utafiti wenye washiriki 179, watu 66 kati ya kila 100 waliotumia programu hiyo walipata nafuu ya zaidi ya asilimia 30, wakati katika kikundi linganishi walikuwa 41 kati ya 100.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa uyapime hapo. La kwanza ni kwamba idhini hiyo ilihusu mfumo mmoja mahususi, si kila miwani wala kila programu ya kutafakari inayouzwa. Inawezekana kabisa kwamba programu uliyonayo haijawahi kupimwa kwa mgonjwa hata mmoja. Haiwi mbaya kwa sababu hiyo, ila haistahili kuitwa tiba iliyoidhinishwa. La pili ni zito zaidi. Kikundi linganishi hakikupewa mafunzo yaleyale bila ulimwengu wa kuzunguka. Kilipewa picha bapa zisizo na mafunzo yoyote ya stadi. Tofauti iliyoonekana kati ya vikundi hivyo ilichanganya vitu viwili, yaani uhalisia pepe na mafunzo, na utafiti huo peke yake hauwezi kutuambia ni kipi kati ya hivyo kilichofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuna utafiti mwingine unaotusaidia kukisia, na laiti ungejulikana kama zinavyojulikana habari za miwani. Mwaka 2016, Daniel Cherkin na wenzake mjini Seattle walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 342 wenye maumivu sugu ya mgongo waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa programu ya wiki 8 ya kutafakari na yoga nyepesi iliyoasisiwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kundi la pili lilipewa tiba ya fikra na tabia, na la tatu likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Baada ya wiki 26, watu takriban 60 kati ya 100 wa kundi la kutafakari walikuwa wamepiga hatua ya maana katika shughuli zao za kila siku, takriban 58 katika tiba ya fikra na tabia, na 44 katika matibabu ya kawaida. Hakuna aliyevaa miwani yoyote. Walikaa vitini, wakalala mkekani, wakajifunza kuupitia mwili wao kwa uangalifu kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, na waliporudi nyumbani waliendelea kuyafanya hayohayo. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo unaotaja kutafakari, yoga na taichi, yaani mazoezi ya polepole ya Kichina, miongoni mwa njia za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya mgongo kabla ya kukimbilia dawa.

Usione ajabu kwamba kuyaangalia maumivu kunaweza kuyapunguza, ilhali nimetoka kusema kwamba kuyasahau ndiko kunakoyapunguza. Hizi ni njia mbili tofauti. Miwani huyanyima maumivu uangalifu. Kutafakari huyapa uangalifu, lakini wa namna nyingine: mtu hujifunza kuhisi joto, mvuto au mchomo ulivyo, bila kuuongezea hadithi ya kwamba mgongo unavunjika na kesho hatanyanyuka kitandani. Fadel Zeidan na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba nafuu itokanayo na kutafakari iliendelea kuwepo hata pale washiriki walipodungwa naloksoni, dawa inayozuia vituliza-maumivu vya asili ya mwili vinavyofanana na mofini. Maana yake ni kwamba kutafakari kuna njia yake ubongoni, ambayo haitegemei mfumo huo. Njia hiyo hujengwa kwa mazoezi, na ndiyo sababu anayeanza leo huona kidogo sana.

Pumzi, kwa upande wake, haina haja ya kungoja wiki nyingi. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila anapovuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo. Kila anapoitoa, hupungua, kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, huukaza breki moyo wakati huo. Akipunguza pumzi hadi kama 6 kwa dakika na kurefusha kuitoa, kupanda na kushuka huko kwa mapigo huwa kukubwa na kwa mpangilio, na vihisio vya shinikizo la damu vilivyomo katika mishipa mikubwa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023, watu waligawanywa katika makundi, wengine wakifanya mazoezi ya pumzi na wengine wakitafakari, kwa dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Wasiwasi ulipungua katika makundi yote, lakini waliofanya aina fulani ya pumzi, yaani kuvuta mara mbili kwa pua kisha kuitoa polepole kwa mdomo, waliona furaha na uchangamfu wao ukiongezeka kuliko wale waliotafakari tu.

Ifanye hivi, mama, ili ujue ninachokisema. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote ikiwa chini. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu, mahali kanga inapokazwa, na kingine kifuani. Vuta pumzi kwa pua, na uone ni mkono upi unaoinuka. Kwa mtu mwenye wasiwasi na mgongo uliokakamaa, mara nyingi ni wa kifuani, na mabega nayo hupanda. Iache pumzi ifike chini mpaka mkono wa tumboni usogee, kisha itoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, polepole kuliko ulivyoivuta, bila kuisukuma hadi mwisho. Ukihisi kichwa kuwa chepesi, unavuta hewa nyingi mno, punguza. Wengi huhisi mabega yakishuka yenyewe kabla ya dakika ya tatu.

Kuhusu jirani yako, sitayapuuza maneno yake, kwa sababu mtu asiye na amani na anachokifanya hatatulia. Ni kweli kwamba yoga ilianzia India katika mazingira ya dini, na kwamba programu ya Kabat-Zinn ilichota katika mafunzo ya Kibudha kabla ya kuyapanga upya kwa matumizi ya hospitali. Hata hivyo, neva ya vagasi haina dini. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti wa watu 23 waliosoma sala ya rozari kwa Kilatini na, kwa wakati mwingine, mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili viliipunguza pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na vyote viwili viliboresha utendaji wa vihisio vya shinikizo la damu kwa namna ileile. Sioni sababu ya kibaiolojia ya kudhani kwamba dhikri au uradi usomwao kwa utaratibu, kwa pumzi ndefu, ungefanya tofauti. Ukitaka kuhesabu pumzi zako kwa tasbihi, zihesabu. Na ikiwa ndani ya programu yako mna maneno au sanamu usizoziafiki, zima sauti au chagua mazoezi ya pumzi peke yake.

Tuje kwenye dai la kwamba kifaa hicho hubadilisha ubongo wenyewe. Kila tunachojifunza huubadilisha ubongo kwa kiasi fulani, na kwa maana hiyo mwanao hakukosea. Lakini anayekuuzia kitu huwa anamaanisha zaidi ya hapo, kwamba sehemu fulani za ubongo hunenepa kwa wiki 8. Dai hilo lilipata nguvu kutokana na utafiti wa Boston wa mwaka 2011, uliolinganisha watu 16 waliofuata programu ya kutafakari na wengine 17 ambao hawakuifuata, ukaona ongezeko la maada ya kijivu, yaani tishu yenye seli nyingi za neva, katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kutambua mahali, na katika maeneo mengine. Matokeo yake yalienea duniani kote. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwemo Richard Davidson, ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kutafakari, walichapisha utafiti mkubwa zaidi wa watu 218 ambao hawakuwahi kutafakari. Hawakuona badiliko lolote la umbo la ubongo lililotokana na programu hiyohiyo ya wiki 8. Namheshimu sana mtafiti anayechapisha matokeo yanayopunguza makali ya habari aliyoipenda.

Hilo lisikukatishe tamaa, kwa kuwa mtu hahitaji ubongo mnene zaidi ili aumie kidogo zaidi. Kinachobadilika mapema ni utendaji: jinsi maeneo ya ubongo yanavyowasiliana, kasi ya mwili kurudi katika utulivu baada ya kushtuka, na mazoea ya kufikiri. Kwa wale walio na ugonjwa wa wasiwasi uliothibitishwa na daktari, utafiti wa mwaka 2022 ulioongozwa na Elizabeth Hoge wa Georgetown, wenye watu wazima 276, uliona kwamba programu ya Kabat-Zinn ilipunguza wasiwasi karibu sawa na dawa ya esitalopramu. Nakusihi usiyasome hayo kuwa ruhusa ya kuacha dawa yoyote uliyopewa. Dawa huachwa kwa mpango wa daktari. Vilevile, moyo unaokwenda mbio bila sababu upimwe kwanza, pamoja na damu, tezi ya shingoni na shinikizo, kabla hatujauita wasiwasi.

Kuna eneo moja ambalo uhalisia pepe naukubali bila kusita, nalo ni hofu. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao wa Atlanta walichapisha utafiti wa kuwatibu watu wanaoogopa kwenda juu kwa kuwapandisha katika madaraja, roshani na lifti za kioo zilizokuwa ndani ya kompyuta tu. Mwaka 2018 kundi la Daniel Freeman wa Oxford likafanya hivyo kwa watu 100, nusu yao wakiongozwa na mwalimu wa kuchorwa ndani ya programu, bila mtaalamu wa binadamu kutoa tiba. Mshiriki alipewa kazi ndogondogo kwenye ghorofa, kama vile kumwokoa paka aliyekwama mtini. Waliopewa tiba hiyo walipunguza hofu yao kwa wastani wa asilimia 68. Ubongo hushtuka hata pale mtu anapojua vizuri kwamba amesimama sakafuni: amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huitika, viganja hutoka jasho, magoti hulegea. Kisha hakuna baya linalotokea, na kumbukumbu mpya ya usalama hujengwa kando ya ile ya hofu. Humo miwani inafundisha kitu, na mtu huondoka nacho. Ukilinganisha na jinsi unavyoitumia wewe sasa, ukikaa nayo ufukweni pa kuchorwa mpaka maumivu yasahaulike, utaona tofauti ninayotaka uione.

Je, inaweza kuharibu akili? Kwa mtu mzima mwenye afya anayeitumia kwa dakika chache, sijaona ushahidi wa madhara ya kudumu. Madhara ya muda yapo. Katika utafiti wa EaseVRx, takriban mtu 1 kati ya 5 alilalamikia miwani yenyewe kumbana au kumsumbua, na takriban 1 kati ya 10 alipata kizunguzungu cha safari na kichefuchefu, kwa sababu macho huona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi. Wengine, baada ya kuivua, huhisi kwa muda mfupi kana kwamba chumba si cha kweli sana. Hali hiyo huisha yenyewe, ila aliyewahi kuugua maradhi ya akili yanayochanganya uhalisia asiitumie bila daktari wake kujua. Mwenye kifafa naye aiepuke mpaka apate ushauri. Kutafakari kwenyewe pia si maji matupu: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta takriban watu 8 kati ya 100 wakipata athari mbaya, hasa wasiwasi au huzuni. Ukianza kuona mambo ya zamani yaliyokuumiza yakikurudia kwa nguvu unapofumba macho, fumbua, simama, tembea, na uzungumze na mtaalamu kabla ya kuendelea.

Jambo la kisayansi ambalo hunifanya niwe mwangalifu zaidi limetoka kwa panya. Maabara ya Mayank Mehta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilichapisha mwaka 2014 rekodi za seli za hipokampasi za panya waliotembea ndani ya chumba cha uhalisia pepe. Panya walitembea kana kwamba wanakijua chumba, lakini zaidi ya nusu ya seli zilizofanya kazi katika chumba cha kweli zilinyamaza, na zilizobaki hazikuwa na mpangilio wa kawaida wa kuonyesha mahali. Hakuna aliyeonyesha kwamba hilo humdhuru binadamu, wala panya hao hawakudhurika. Lakini latuonyesha kwamba ulimwengu unaowadanganya macho vizuri hauwi lazima sawasawa na ulimwengu wa kweli kwa ubongo mzima.

Kwa sababu hiyo, mjukuu asiivae. Watengenezaji wenyewe huweka kikomo: Sony husema miaka 12, na Meta huruhusu kuanzia miaka 10 kwa usimamizi wa mzazi. Lenzi zimepangwa kwa umbali wa macho ya mtu mkubwa, na shingo ya mtoto wa miaka 7 ni changa kwa kifaa kizito namna ile. Mimi najali zaidi kumbukumbu zake. Mwaka 2009 Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson wa Stanford walichapisha utafiti ambapo watoto walioneshwa katika uhalisia pepe wakiogelea na nyangumi. Walipoulizwa siku kadhaa baadaye, baadhi ya watoto wa shule ya msingi waliamini kwamba waliogelea nao kweli. Mweleze tu kwamba ni kifaa cha bibi cha mgongo, na kiweke juu ya kabati, mbali na jua, kwa kuwa mwanga wa jua ukipita katika lenzi huunguza skrini ya ndani.

Wewe itumie hivi. Dakika 10 kwa siku zatosha, ukiwa umeketi, kiti kikiwa mbali na ukuta na meza, kwa sababu umri wetu hausamehe kuanguka. Ivae kwa mazoezi ya pumzi, si kwa mandhari tu. Mara tu kipindi kinapokwisha, ivue, na ukiwa hapohapo kitini rudia pumzi ileile kwa dakika 5 bila chochote usoni, macho yakiwa yamefumbuliwa. Hizo dakika 5 ndizo ninazozitegemea zaidi. Kila wiki punguza siku za miwani na uongeze za kupumua bila miwani, na usiku kabla ya kulala usiivae kabisa, bali fanya pumzi kitandani. Pamoja na hayo, tembea kila siku, hata kama ni mpaka dukani na kurudi, kwa sababu hakuna pumzi wala picha itakayofanya kazi ya misuli. Andika katika daftari kila jioni maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10, umelala saa ngapi, na ni kazi gani uliyoweza kuifanya ambayo wiki iliyopita hukuiweza. Hilo la mwisho ndilo lenye maana kubwa zaidi. Namba ya maumivu hushuka taratibu, na wengine huanza kuinama, kufua na kusimama kuswali bila taabu kabla namba haijashuka. Baada ya wiki 8 lisome daftari lako pamoja na daktari anayekutibu.

Usingoje wiki hizo, na usivae miwani kabisa, bali nenda hospitali haraka, ukipata mojawapo ya haya: miguu kulegea au kufa ganzi, ganzi ya sehemu za siri na makalio, kushindwa kuzuia haja au kushindwa kukojoa, homa na jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyobadilika hata ukilala. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu, na picha uliyopigwa miaka kadhaa iliyopita haiwezi kukanusha ugonjwa ulioanza mwaka huu.